Marafiki mifuko tofauti: namna ya kuongea pesa kabla haijawagombanisha

Mlimaliza chuo pamoja, mkapanga chumba kimoja Mabibo, mkala wali maharage sahani moja. Miaka michache baadaye mmoja yuko benki, wa pili anafundisha Kisarawe, wa tatu ana fremu ya nguo Kariakoo, na wa nne bado anazunguka na bahasha. Wote wako kwenye grupu moja la WhatsApp, na wote wanatumiwa ujumbe ule ule: tuchange, tutoke, tusafiri, tukamzike baba wa fulani.

Pesa za watu hawa hazilingani na pengine hazitalingana maisha yao yote. Hilo halijavunja urafiki wa mtu. Kinachouvunja ni kiasi kutajwa wakati umeshapita: bili iko mezani, ahadi imeshaandikwa, deni limepitiliza miezi mitatu na kila mmoja anamwogopa mwenzake. Nimeshika daftari la mweka hazina kwenye kamati za harusi na kwenye kikoba cha mtaani kwetu, na ugomvi karibu wote niliouona ulianzia hapo. Kwa hiyo ushauri wangu, kwenye kila hatua, ni huu: taja kiasi mapema, kitaje kwa namba, kitaje kwa mhusika mwenyewe.

Anza na mfuko wako

Kabla ya kuongea na yeyote, jua una shilingi ngapi za watu. Nasema za watu kwa maana ya zile zinazokwenda kwenye kutoka, michango, zawadi na kusaidiana. Toa kwanza kodi, chakula, nauli, ada za watoto na ya wazazi. Kinachobaki kikate: sehemu iende kwenye akiba, sehemu iwe fungu la watu. Tuseme ni 80,000 kwa mwezi. Iandike.

Anayelipwa mshahara anaweza kulitenga siku pesa inapoingia. Anayepata kwa siku, kama mama lishe au dereva wa bodaboda, hana siku hiyo, kwa hiyo atenge kidogo kidogo: 2,000 kila siku ya kazi, kwa siku 26, inampa 52,000. Na mwenye biashara inayopanda na kushuka apige hesabu kwa mwezi mbaya, si kwa Desemba.

Kazi ya namba hii ni kukupa jibu. Asiyeijua namba yake akiulizwa "utakuwepo?" hujibu "ngoja nione", na kwenye grupu "ngoja nione" huhesabiwa kuwa ndiyo. Ukishahesabiwa, kujitoa kunaonekana umewaangusha wenzako. Mwenye namba anasema "mwezi huu nina 20,000 ya shughuli hii", na mazungumzo yanaanzia hapo.

Acha kupiga hesabu za mfuko wa mwenzako

Maneno mengi ya "fulani ana hela lakini mgumu" yanatokana na kuujua mshahara wa mtu kwa juu juu. Chukua mwajiriwa wa kampuni binafsi Tanzania Bara ambaye barua yake ya ajira imeandikwa 1,200,000. NSSF inakata asilimia 10, yaani 120,000. Kinachobaki, 1,080,000, kinatozwa kodi ya mshahara: 128,000 ya milioni ya kwanza, kisha asilimia 30 ya ile 80,000 ya juu yake, jumla 152,000. Kama alisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, inaondoka asilimia 15 ya mshahara, 180,000. Mkononi anapokea 748,000. Marafiki zake wanamhesabia milioni moja na laki mbili, wakati yeye anaishi kwa laki saba na ushee, tena kabla hajalipa kodi ya nyumba na kabla mdogo wake hajapiga simu kutoka kijijini.

Mwenye duka naye anahesabiwa vibaya. Mzigo wa milioni nane uliopangwa kwenye fremu si milioni nane za kutumia. Akichomoa laki tatu humo kukuonyesha kwamba anakujali, safari ijayo ya kuchukua mzigo anapungukiwa laki tatu, na wateja wanahamia fremu ya jirani.

Kosa hili linakwenda upande wa pili pia. Kuna watu ambao marafiki zao wameshaamua kuwa hawana kitu, kwa hiyo hawaalikwi tena, "tusimpe mzigo". Mtu anakuja kuona picha za wenzake wapo Bagamoyo na yeye hakuulizwa. Ukimtajia kiasi ukamwachia yeye aseme ndiyo au hapana, umemheshimu. Ukimwamulia, umemtoa kwenye kundi bila kumwambia.

Mnapotoka

Anayependekeza sehemu ataje na bei. "Twende pale, sahani inaanzia 25,000" ni pendekezo kamili. "Twende pale, patamu sana" linamwacha mwenye 15,000 ahangaike peke yake kutafuta kisingizio, aseme anaumwa tumbo, au afike aagize soda moja akidai ameshakula nyumbani.

Na wewe mwenye 15,000, wahi kusema kabla sehemu haijachaguliwa. Ujumbe wa namna hii unatosha, na hauna haja ya kujieleza zaidi: "Jumamosi nipo. Mimi bajeti yangu ni 15,000, tutafute panapotosha hapo." Utashangaa ni wangapi watakaoshukuru kimoyomoyo. Dar es Salaam ina mahali pa kila mfuko. Mihogo na mishikaki ya Coco Beach jioni haijawahi kupunguza mazungumzo ya mtu, na kupikiana kwa zamu majumbani, Jumapili hii kwa huyu na ijayo kwa yule, kunapunguza gharama kuliko hoteli yoyote.

Mkifika, mwambieni mhudumu kabla hajaandika oda: bili tofauti. Kugawana sawa kwa sawa kunafaa pale ambapo wote mmekula sawa. Aliyekunywa maji akilipia nusu ya chupa ya mwenzake, hatasema kitu siku hiyo, ila safari ijayo hatakuja.

Mwenye nacho akitaka kulipia wote, aseme mapema, ikiwezekana siku moja kabla: "Kesho ni juu yangu, msije na wasiwasi." Watu watakuja wakiwa na raha. Akisubiri bili ifike ndipo anyooshe simu na kusema "hizi ndogo tu", wale waliokuwa wameshapiga hesabu zao watajiona wadogo mbele ya mhudumu. Halafu akishalipa, limekwisha. Asikumbushe, asichague chakula cha wengine, na asikatae mwenzake anapotaka kulipa bajaji ya kurudi. Mtu anayelipiwa kila mara na kukatazwa kutoa hata 5,000 hawezi kuketi hapo kama rafiki kwa muda mrefu.

Mnaposafiri

Safari ya marafiki ipigiwe hesabu yote kabla ya kuuliza nani anakuja. Mfano, watu wanatoka Dar kwenda Morogoro, usiku mmoja. Treni ya SGR ilipoanza kubeba abiria Juni 2024, nauli ya daraja la kawaida hadi Morogoro iliwekwa 13,000. Hakikisheni ya sasa, kisha zidisheni mara mbili, 26,000. Chumba cha watu wawili tukikadirie 50,000, kila mtu 25,000. Chakula 25,000, usafiri wa ndani na viingilio 20,000, dharura 10,000. Jumla 106,000 kwa kichwa. Hiyo ndiyo namba inayotumwa kwenye grupu, pamoja na tarehe ya mwisho ya kutoa, jina la atakayeshika pesa, na nini kitatokea mtu akijitoa baada ya tiketi kukatwa.

Gharama za pamoja ziwekwe kwa kipimo cha mwenye uwezo mdogo anayekuja. Anayetaka kulala hoteli nzuri zaidi alale, ajilipie, na asubuhi mkutane. Lisiwe jambo la kununiana.

Michango: hapa ndipo penye moto

Hakuna sehemu ambapo tofauti za kipato zinaonekana waziwazi kama kwenye michango ya harusi. Rafiki mmoja anapoolewa, wewe shoga yake unaweza kutakiwa utoe mchango wa sendofu, mchango wa kichen pati, kitambaa cha sare na ufundi wake, zawadi, na nauli ya kwenda ukumbini usiku. Kila ombi linakuja peke yake, kwa siku yake, na kila moja linaonekana dogo. Kwa hiyo, kadi ya kwanza inapokufikia, usijibu hiyo kadi. Kaa chini uorodheshe yote utakayoombwa kwa ajili ya mtu huyu hadi siku ya mwisho, ujumlishe, kisha ulinganishe na fungu lako la watu kwa miezi iliyobaki. Jumla ikiwa 180,000 na fungu lako ni 80,000 kwa mwezi huku kuna shughuli nyingine mbili, unajua tangu mwanzo kwamba yote hayawezekani. Chagua. Wengi wanatoa kwa kila ombi mpaka pesa inawaishia, halafu siku ya harusi yenyewe hawaendi kwa kuwa hawana nauli.

Ukishachagua, andika ahadi yako kwa mweka hazina au kwa mwenye shughuli, faragha, ikiwa na namba na tarehe: "Hongera sana kaka. Mimi nitatoa 40,000 kwa awamu mbili, 20,000 tarehe 30 mwezi huu na 20,000 tarehe 30 mwezi ujao. Siku yenyewe nitakuwepo tangu asubuhi." Hujaomba radhi kwa sababu hakuna kosa ulilofanya.

Ahadi ikikushinda, ipunguze mapema. Watu wengi hawajui kamati inaitumiaje ahadi yao. Wiki kadhaa kabla ya sherehe, kamati inajumlisha ahadi, siyo pesa iliyo mkononi, na kwa jumla hiyo inalipa malipo ya awali ya ukumbi, inaagiza chakula kwa idadi ya sahani, inafunga mkataba na mpambaji, mshereheshaji na mpiga picha. Ukipunguza kutoka 100,000 hadi 50,000 ikiwa imebaki mwezi na nusu, kamati inapunguza sahani na maisha yanaendelea. Ukinyamaza mpaka siku mbili kabla, mwenye shughuli ndiye anayebaki kutafuta mkopo ili chakula kishuke jikoni. Nimewaona maharusi wanaoianza ndoa na deni la sherehe, na sehemu ya deni hilo ni ahadi za marafiki waliokuwa wanaona aibu kusema "nimeshindwa".

Sasa niseme na kamati. Ile orodha inayotumwa kwenye grupu kila jioni, jina na kiasi, fulani 500,000, fulani 200,000, fulani 20,000, iacheni. Najua inavyotetewa: inasukuma watu, inaonyesha uwazi. Nilichokiona mimi kwenye daftari ni kwamba mwenye 20,000 akiona juu yake kuna laki tano, haitumi. Anasubiri apate "ya heshima", na hiyo ya heshima haiji. Mnapoteza elfu ishirini za watu kumi na tano, yaani laki tatu. Andikeni majina ya waliotoa na jumla kuu, basi. Kiasi cha kila mtu kibaki kwa mweka hazina, na wajumbe wa kamati wakague daftari kwenye kikao. Uwazi utakuwepo na hakuna atakayeaibika.

Mwenye shughuli naye ana kazi yake. Unawajua marafiki zako. Yule ambaye unajua mwaka huu umemwendea vibaya, mpigie simu kabla kadi haijamfikia: "Wewe kadi yako ipo, nataka nikuone pale. Ukijaaliwa chochote sawa, usipojaaliwa uje hivyo hivyo." Na ukisema hivyo, kitimize. Asifike akaambiwa ajiunge na wanaohudumia meza kwa kuwa hakuchangia. Kama yeye mwenyewe amejitolea kusimamia jikoni au kupokea wageni, vizuri, lakini atengewe kiti chake na avae sare kama wenzake.

Sare nazo zinaumiza, hasa upande wetu wa akina mama. Mashoga wawili wenye uwezo wanachagua kitambaa, bei inatangazwa, na kumi wanabaki kujiuliza watapata wapi na cha fundi. Chagueni rangi na ngazi mbili: anayeweza ashone gauni zima, asiyeweza avae nguo aliyonayo na mtandio au kilemba cha rangi hiyo. Kwenye picha mtaonekana mmependeza vile vile.

Swali linalonijia mara nyingi: alinichangia laki moja, nami ni lazima nimrudishie laki moja? Wengi wanaweka daftari la nani alimpa nini, na si vibaya kukumbuka. Ila rudisha kwa uwezo wa leo. Aliyekupa laki wakati ana kazi nzuri, leo unaweza kumpa 50,000 na kumwambia ukweli kwamba hicho ndicho kilichopo.

Msiba ni habari nyingine. Nenda kwanza. Rambirambi hata ikiwa 5,000 itapokelewa, na aliyekesha msibani siku mbili akichemsha chai na kuosha masufuria hakuna anayemuuliza alitoa kiasi gani.

Mkopo kati ya marafiki

Hapa nenda taratibu. Rafiki akikuomba 300,000, usimjibu papo hapo. Mwambie utampa jibu kesho asubuhi, na umpe kweli kesho asubuhi. Usiku huo jiulize: pesa hii ikichelewa miezi mitatu, kuna kitu kitakachosimama nyumbani kwangu? Kama kipo, huna ya kukopesha, hata kama iko kwenye akaunti. Kama unayo kidogo, mpe kidogo kama msaada na useme wazi: "Laki tatu sina ya kukukopesha. Nina 50,000, hii usirudishe." Anaweza kuwaendea wengine watano kwa namna hiyo na akatoka na jambo lake, bila kuwa na deni kwa mtu.

Ukiamua kukopesha, iandikwe. Wengi wanaona kuandikiana na rafiki ni kutomwamini. Waislamu miongoni mwetu wana jibu la hilo tangu zamani: aya ya 282 ya Surat Al-Baqara, iliyo ndefu kuliko aya zote za Qurani, inaamrisha deni la muda liandikwe na liwe na mashahidi. Na inataka mwenye kudaiwa ndiye atamke yanayoandikwa. Mpango huo unafaa kwa dini zote, na una adabu ndani yake, kwa sababu mkopeshaji hamwandikii mwenzake masharti. Anayekopa ndiye anayetuma: "Nimepokea 200,000 kutoka kwako leo tarehe 5. Nitarudisha 50,000 kila tarehe 28 kwa miezi minne, kuanzia mwezi huu. Ya kutolea ni juu yangu." Ujumbe wa simu unatosha. Usiufute.

Ya kutolea isichukuliwe kama jambo dogo. Aliyepokea 200,000 kwenye simu akienda kwa wakala hapati 200,000 kamili, ada inakatwa. Akirudisha, aliyekopesha naye anakatwa. Kwa awamu nne ada hizo zinajikusanya, na kila mmoja anaona mwenzake kampunja. Kubalianeni mwanzoni nani anabeba ada ya kutuma na nani ya kutoa.

Siku moja kabla ya tarehe, mdaiwa ndiye anayetakiwa kuanza kuongea, awe anayo au hana. "Kesho ni tarehe yako. Nina 20,000 kati ya 50,000, naituma asubuhi, iliyobaki naomba iwe tarehe 10." Ujumbe kama huu hulinda urafiki kuliko hata malipo yenyewe. Waliokosana kwa sababu ya deni, ukiwasikiliza, wanalalamikia ukimya: alinikaushia, nikipiga hapokei, nikimtumia naona ameshasoma. Kukopa harusi, kulipa matanga, lakini hata matangani watu wanasemeshana.

Mkopeshaji naye ana adabu zake. Kumbusha faragha, kwa maneno machache, mara moja kabla na mara moja baada. Usimdai kwenye grupu, usiandike mafumbo kwenye status, na usiwatume marafiki wengine wakakuulizie. Ukimwona Jumamosi amevaa viatu vipya, usianze kumhesabia. Hujui kavipata vipi. Kama kweli hali imembana, pendekeza awamu ndogo zaidi, hata 10,000 kwa wiki. Aya ya 280 ya sura ile ile inataka mwenye kudaiwa aliye na dhiki asubiriwe hadi apate wepesi, na kusamehe ni bora zaidi.

Akivunja makubaliano kwa mara ya pili na ya tatu, fanya uamuzi na uutamke. Usibaki na deni linalochacha moyoni. Unaweza kumwambia: "Iliyobaki, 120,000, nimekusamehe. Pesa hatutakopeshana tena. Jumapili njoo kama kawaida." Kisha uishi hivyo. Asipokuja Jumapili, mtumie ujumbe wa kumsalimia, usiotaja pesa.

Neno moja kuhusu mikopo ya kwenye simu, kwa sababu siku hizi marafiki huingizwa humo bila kuulizwa. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu 69 zilizokuwa zinakopesha mtandaoni bila kibali. Mbinu inayolalamikiwa sana kwa wakopeshaji wa aina hiyo ni kuchukua namba zilizomo kwenye simu ya mkopaji, kisha akichelewa, marafiki, bosi hata mama mkwe wanatumiwa ujumbe wa kumwaibisha. Ukipata ujumbe kama huo juu ya rafiki yako, usiusambaze na usimcheke. Mpigie, umwambie umeupata na umeufuta. Na kama ni wewe unayetaka kukopa, angalia kwanza kama mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu, na usiweke namba ya mtu kabla hujamwomba.

Kumdhamini rafiki, benki au kwenye kikoba, ni sawa na kukopa wewe. Sheria ya Mikataba inamfanya mdhamini awajibike kwa deni kama mdaiwa mwenyewe, isipokuwa mkataba umesema vingine, na kikoba kitakata hisa zako bila kusubiri. Ukiombwa saini, soma jumla ya deni pamoja na riba, ujiulize kama unaweza kulipa yote. Jibu likiwa hapana, usitie saini, na mwambie siku hiyo hiyo ili atafute mwingine.

Hali ya mmoja inapobadilika

Ukipunguzwa kazini, waambie marafiki wawili au watatu ndani ya wiki ya kwanza. Sema na unachohitaji: "Kazi imekwisha mwezi huu. Michango na kutoka nimesimamisha hadi nitakaposema. Mkisikia nafasi ya uhasibu mnistue." Wakijua, hawatakuita mchoyo, na mmoja wao anaweza kuwa ndiye atakayekupa taarifa ya kazi. Ukikaa kimya wakaona umekacha shughuli tatu mfululizo, watajitungia sababu yao.

Aliyepanda naye aseme mapema anachoweza kusaidia na asichoweza. Mtu akipata cheo, maombi yanamfuata kwa pamoja, na wengi hukimbilia kubadili namba ya simu. Afadhali uwaambie wenzako: kwa mwezi ninaweza kumsaidia mmoja wetu mwenye shida ya hospitali au ada, zaidi ya hapo sina. Wataelewa, na hutalazimika kuwakimbia.

Pakishaharibika

Kama mmeshanuniana kwa ajili ya pesa, muanze wawili tu, bila grupu. Aliyekosewa aombe wakutane mahali tulivu, aje na taarifa ya miamala kutoka kwenye simu au nakala ya ujumbe wa makubaliano, si kwa ajili ya kushinda bali ili msibishane kuhusu tarehe na kiasi. Anzeni na namba: kilitoka kiasi gani, kimerudi kiasi gani, kimebaki kiasi gani. Mkishakubaliana hapo, ndipo kila mmoja aseme kilichomuuma. Wengi huanza na maumivu, wanaondoka kabla ya kufika kwenye hesabu.

Mkishindwa wawili, tafuteni mtu mmoja mnayemheshimu nyote, asiyewadai wala kudaiwa na yeyote kati yenu. Kwa kiasi kikubwa ambacho hakisameheki, kama pesa ya kiwanja au mtaji wa ushirika, mahakama ipo, na tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 kumbukumbu za kielektroniki, ujumbe wa simu ukiwemo, zinaweza kupokewa kama ushahidi. Ila kabla ya kufika huko, jaribuni kikao cha pili, wiki mbili baada ya cha kwanza. Na kwenye kikao chochote mlichokubaliana jambo, liandikeni kabla hamjaagana: kiasi, tarehe, nani anabeba ya kutolea. Kila mmoja aondoke na nakala yake.